Leticia Ndunguru na Alama ya Nyuma ya Picha

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fanueli Shembilu, mume wa marehemu, na ingawa kazi hii kwa kawaida hupewa msemaji wa familia, nimeomba niifanye mwenyewe kwa sababu tarehe nyingi ninazo mimi, na kosa moja nitakalolieleza ni langu.

Leticia Alexander Ndunguru alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Pongwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alexander Ndunguru, aliyekuja kutoka Songea kama manamba, kibarua wa mkataba, na ambaye sasa ni marehemu, na Mama Ritha, ambaye tunaye hapa leo. Mama Ritha alifanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, na mwaka 1971 mashine hiyo ilimkata kidole gumba cha mkono wa kulia, akarudi kazini baada ya wiki tano, na tangu wakati huo akawa na mazoea ya kuuficha mkono huo ndani ya khanga.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya shambani kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Korogwe hadi 1986, kisha akasomea ualimu na kupata cheti mwaka 1989. Mwaka 1990 alipangiwa kufundisha shule ya msingi hapa Nguvumali, akafundisha kwa miaka kumi na minne, na Desemba 2004 aliacha kazi kwa hiari yake ili achore, uamuzi ambao mimi niliupinga kwa maandishi, kurasa mbili, naye alizisoma zote na kunirudishia akiwa amesahihisha tarehe.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Julai 1992, tukajaliwa watoto wawili, Praxeda aliyezaliwa 1994 na Alexander aliyezaliwa 1998, tukaishi Chumbageni katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake.

Kuhusu kazi yake nitasema yale niliyoyaona. Alichora juu ya magunia ya katani yaliyowambwa kwenye fremu za fundi Sadalla, akachora watu wanaofanya kazi, wakata mkonge, wapagazi, wanawake wa korona, na hakumchora mtu yeyote kutoka kichwani. Watazamaji wengi walisema mada yake ilikuwa mkonge, lakini yeye alisema ni mikono, na kwamba mkonge uliingia kwa kuwa ndicho mikono hiyo ilichoshika. Picha ikiisha alimwita mwenyewe aliyechorwa aje aitazame, mtu huyo akikubali kwamba ndiye, alichovya kidole gumba chake kwenye rangi na kutia alama nyuma ya gunia, na akikataa, picha ilipakwa nyeupe ikaanzwa upya. Idarusi, mpagazi wa soko la Mgandini, aliikataa yake mara mbili, akisema, "Mwalimu, huyu umemchora kapumzika, mie umeniona wapi nikipumzika?" na mara ya tatu alitia alama huku akicheka. Katika miaka ishirini alikamilisha picha mia moja na kumi na mbili, na zote zina alama.

Agosti 2012 yalikuwapo maonyesho Dar es Salaam, mimi nikapewa kazi ya kusafirisha picha, na miongoni mwake nikaweka picha ya Mama Ritha, ambayo mwenyewe alikuwa bado hajaiona, kwa kuwa niliichukulia alama ile kama utaratibu tu, unaoweza kukamilishwa baadaye. Picha ilitoka gazetini, mkono ukiwa mbele, na gazeti likamfikia mama nje ya kanisa, Pongwe, mbele ya wenzake. Aliniambia, "Mkono huu nimeuficha miaka arobaini na moja, baba, wewe umeupeleka Dar kwa siku moja." Leticia aliipaka picha ile nyeupe wiki hiyohiyo, hakunilaumu kwa neno, na kwa miaka kumi mama hakukubali kuchorwa tena.

Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji na kuendelea na tiba. Mwaka 2023 alimwomba mama upya, mama akaja kukaa karakanani kila Alhamisi, kwa sharti kwamba hatatazama mpaka atakapojisikia. Picha iliisha tarehe 19 Januari 2025, na Leticia, akiwa tayari hawezi kusimama, aliuliza kila siku kama mama ameitazama, nasi tulimjibu ukweli, kwamba bado. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi kumi na siku ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wachoraji wenzake, na majirani wa Chumbageni, hasa Bi Shadya, aliyeleta uji kila asubuhi kwa miezi mitatu na hakukubali kamwe kurudishiwa chupa yake isipokuwa tupu.

Jambo la mwisho ni la jana. Saa tisa alasiri Mama Ritha alimwambia Praxeda ailete picha, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza ile khanga ya pichani Leticia aliipata wapi, akaambiwa ni yake mwenyewe ya Alhamisi, kisha akasema, "Haya, ndiye mimi." Sadalla aliigeuza, nami nikaenda kumwekea rangi ya mafuta, isiyokauka upesi, kwa ajili ya kidole gumba cha kushoto, lakini yeye aliutoa mkono wa kulia ndani ya khanga, akauchovya wote, akaubandika nyuma ya gunia, vidole vinne na nafasi ya cha tano. Hajaunawa, na waliompa pole leo asubuhi wameiona rangi ya buluu viganjani mwao.

Leticia, ameitazama. Ni ya mia moja na kumi na tatu. Pumzika sasa, mke wangu, kwa amani.