Kable ya Nyumba ya Pamoja

Basi dogo lilipotoka sokoni, mama Agathe alikuwa amekwisha kupandwa na hasira. Nyumba yao ya etaje, yaani ghorofa, kule Nyakasanza ni ya familia tano, na jioni ile walipaswa kuchagua kable mpya ya umeme, waya wa jengo zima: nene au nyembamba. Agathe alitaka frigo, jokofu la kuuzia samaki, na kable nyembamba kama ile ya sasa isingebeba umeme wake. Familia yake na nyingine moja zilitaka nene, mbili zilipinga, ikabaki ya tano, ya muzee Josaphat, aliyeketi ubavuni mwake.

“Kila mutu iko na ampoule ya taa na telefone,” alisema muzee. “Siye tunatafuta nini tena?”

“Baba, vile vile ulisema siku tulijenga. Uliapa televizio haitaingia mule. Leo mupira ikianza, kable inalemewa, na nani anapanda ngazi na kulalamika: Zimeni pasi! Zimeni pasi?”

Abiria walicheka. Wapima kesho kwa kipimo cha jana ndivyo walivyo: kesho ikifika, kosa ni la mwenye pasi, na jengo zima linakwenda kanisani na nguo zenye mikunjo.

“Munazima kwa heshima ya muzee,” alisema Josaphat.

“Tunazima kwa heshima ya kable! Na watoto wako wakileta frigo?”

“Weye utazima ya kwako.”

Basi lilisimama. Muzee alishuka kwanza, akawaza kidogo, kisha akainamia dirisha la Agathe.

“Mama, hiyo frigo yako inaweza kupoza chupa yangu ya bière wakati wa mupira?”

“Na kable gani, baba?”