Mguu wa Zakayo na Pikipiki ya Filip

Benchi la Jordbro, huku ughaibuni kwenye theluji, liliwekwa ndani ya jengo la maduka, karibu na mlango, ili wazee wapumzike na mifuko yao. Wapumzike wapi! Kila Jumamosi asubuhi linatekwa na watu watatu. Kambale wa Butembo anakuja na chupa ya chai iliyojaa kahawa. Kijiweni wanamwita Taximoto, kwa kuwa kila hadithi yake huanzia juu ya tandiko. Zakayo wa Mwanza ni Injinia, maana aliwahi kutengeneza baiskeli moja na ikatembea. Wamuyu wa Nyeri, anayehudumia wazee wa watu, ni Madam Katiba: hakuna mila asiyoijua kifungu chake, na asiyoijua huitunga. Benchi ni la watu wanne. Nafasi ya nne hukaa mguu wa Zakayo.

Leo Kambale alitoa simu kabla hata ya kumimina kahawa. Picha ilitoka kwa Filip, mchumba wa binti yake Arielle. Ilikuwa pikipiki ya matope, lakini imeng'olewa magurudumu: mbele ubao wa kuteleza, nyuma mkanda wa mpira wenye meno kama wa tingatinga.

— Anataka twende nayo milimani, porini kabisa, theluji inafika kiunoni. Mie na yeye. Nimjibu leo.

— Huko porini kuna nani? aliuliza Wamuyu.

— Hakuna mtu.

— Mnapeleka nini?

— Hatupeleki kitu. Tunapanda, tunashuka.

— Basi hiyo ni posa! Huyu hana wazee wa kutuma, hana mbuzi. Anakupeleka mahali simu haishiki, anakuomba msichana, na huwezi kukataa. Njia ya kurudi si anaijua yeye?

— Posa wapi, alidakia Zakayo. Hilo ni jeshi. Nchi hii inaweka akiba ya kila kitu, sasa wanatafuta akiba ya baba wakwe.

— Ya nini?

— Vita ikija, vijana watakuwa mstari wa mbele. Mkate utapelekwa mlimani na nani? Na baba wakwe, juu ya hiyo mikanda! Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Usipande, Kambale. Mngoje kituo cha treni.

Kambale alicheka, lakini moyo haukucheka. Pikipiki hakuiogopa. Barabara ya Butembo hadi Beni, masika, amebeba abiria wawili, gunia na mbuzi, na alifika. Alichoogopa ni kuanguka mbele ya mkwe. Kwao mkwe hamwoni baba mkwe hata akila kwa pupa, sembuse kumwona amelala chali, viatu juu, akivutwa, theluji masikioni! Angeingia harusini na uso upi?

— Bon, mie siendi. Moto, pikipiki ya kweli, iko na mipira mbili. Ile ingine ni ubao.

— Utamwambia nini?

— Mgongo.

— Mgongo ni kifungu kizuri, alikubali Wamuyu. Lakini hawa watu, aki! Jirani yangu Alma, miaka sita, sijui hata rangi ya viti vyake. Mtu yuko radhi akupeleke porini na mashine kuliko akukaribishe kikombe cha kahawa kwake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Zakayo, akijinyoosha vizuri zaidi. Ndiyo maana huku hawaponi.

Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Walipoinua macho, kijana mrefu alikuwa amesimama mbele yao, kofia mkononi.

— Shikamoo, Baba.

Butembo hawaamkiani hivyo, lakini Kambale aliitikia marahaba. Alikuwa Filip, amefuata jibu lake mwenyewe.

— Baba atakuja milimani?

— Mgongo, mwanangu, alisema Kambale, akashika kiuno.

Filip hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma mzee. Alitafuta maneno moja moja, kama Arielle alivyomfundisha.

— Pole, Baba. Arielle alisema Baba anapenda pikipiki. Miaka miwili natafuta mahali pa kukaa na Baba. Nyumbani sijaitwa. Nikafikiri, labda huko.

Kisha akalitazama benchi.

— Hapa naweza kukaa?

Zakayo aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Madam Katiba alitafuta kifungu, akakikosa. Aibu ilimpanda Kambale mpaka masikioni, aibu ya kweli. Ameshaanguka chali mbele ya mkwe wake, na theluji yenyewe bado hajaiona.

— Zakayo, alisema hatimaye, ondoa mguu.