Kisu Kilikuwa cha Nini

Mstari wa kungojea basi Nyakabiga haukusogea, na Gélase alishindwa kutulia. Mbele yake mwanafunzi mmoja na mama muuza vitambaa, watu wasiojuana hata majina, walibishania mchezo wa kuigiza walioutazama Jumapili kwenye ukumbi wa parokia.

"Kosa ni ya wale wachawi," mwanafunzi alisema. "Walimutabiria yule jemadari atakuwa mufalme. Angefanya nini?"

"Angengoja!" mama akamkatiza. "Nani alimwambia auwe mufalme, mugeni mwenye alilala kwake na kunywa bia yake?"

"Lakini mama, unabii ni unabii."

"Basi kisu ilikuwa ya nini?"

Gélase aliigusa barua mfukoni. Nabii wa chumba cha maombi alimwambia atakalia kiti cha mkurugenzi kazini kwake kabla ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa kesho kutwa. Barua hiyo, aliyokuwa akienda kuipeleka, ilimchongea mkurugenzi, mzee yule yule aliyemsimamia siku ya harusi yake.

"Na kama walimupa tarehe?" Maneno yalimponyoka Gélase.

Wote wawili wakageuka kumtazama, maana katika mchezo ule hapakutajwa tarehe yoyote.

Basi likafika, mlango ukafunguliwa, na kati yao watatu hakuna aliyepanda.