Makombe ya Fedha ya Domitila Yarlequé

Ndugu, majirani na masonara wote mliofika, mpendwa wetu Domitila Yarlequé Chero alizaliwa tarehe 7 Mei 1941 hapa Catacaos, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Saturnino, sonara, na marehemu mama Eduviges, mpika chicha, pombe ya mahindi, na historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho, Asunta, aliyelelewa naye baada ya wazazi kufariki.

Alisoma shule ya msingi ya wasichana kuanzia 1948 hadi 1952, akaachishwa kwa sababu baba alivihitaji vidole vyake vyembamba, akafundishwa kuvuta fedha hadi iwe uzi na kuusokota, na wakati wengine wakifuma maua na njiwa, yeye alifuma makombe, yale magamba ya chaza wa pwani, wala hakuiga picha, alitaka kombe lenyewe mezani, bado lina chumvi. Mafundi walimtania, "Domitila, fundi wa supu!" naye akawajibu, "Kunyweni basi, maana mikono yenu haijui kupika."

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Eulogio Pazo, mzamiaji wa baharini wa kijiji cha Parachique, akahamia huko pamoja na Asunta, wakajaliwa watoto wawili, Nieves, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1964, na Wilmer, aliyezaliwa 1967, ambaye yuko nasi.

Tarehe 20 Machi 1971 Nieves, akiwa na miaka sita, alitoka asubuhi kwenda kuokota makombe, hakurudi, na bahari haikumrudisha. Kila mtu alijua makombe ni ya nani, na Eulogio alisema mbele ya majirani, "Makombe yako yamenilia mtoto," na Domitila hakujitetea, akarudi Catacaos na Wilmer na Asunta, na mumewe hakumfuata hadi alipofariki mwaka 1999.

Tangu hapo, kila tarehe 9 Agosti alimfulia Nieves jozi ya hereni za umri wake, wa miaka saba, wa kumi na tano, wa arobaini, akazifunga kwenye pamba bila kuziuza, na nyumba nzima ikaishi na msichana anayekua ndani ya sanduku, tukimwogopa. Watoto wa shule walipopita mbio mlangoni, nyundo yake ilisimama hadi wa mwisho apite. Na kila Novemba mosi, kina mama waliofiwa na watoto walipobeba vitamu kwenda uwanjani kumtafuta mtoto aliye hai wa umri ule aliofia wa kwao, wampe, yeye alifunga mlango, akasema, "Wangu hajafa, amechelewa tu."

Mwaka 2017 alianza kuugua mapafu. Novemba mosi 2018 aliomba apelekwe uwanjani, akamwona msichana mwenye pengo, akamuuliza umri, akaambiwa sita, akampa mfuko wa viazi vitamu vya sukari, "Shika, malaika wangu, hivi ni vya marehemu Nieves." Wakati wa kurudi wakapumzika kwenye benchi la kanisa, na hapo ndipo Asunta aliposema jambo lililomshinda kusema kwa miaka arobaini na saba.

"Dada, asubuhi ile ulinituma mimi. Mimi nilikuwa nasuka nywele, nikamtuma mtoto."

"Najua, mdogo wangu," akasema. "Alitoka na kikapu chako."

"Sasa mbona ulinyamaza, wakakutafuna wewe?"

"Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto mmoja alitosha."

Alifariki tarehe 14 Februari 2019, saa tano asubuhi, katika hospitali ya Piura, akiwa na miaka sabini na saba, na Asunta ameona ni haramu azikwe na lawama isiyo yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea uji na kuni, na masonara wenzake waliozima matanuru kwa siku tatu.

Pumzika kwa amani sasa, dada, huo mzigo niachie mimi.