Mwalimu Ida na Fomu za Vyumba Viwili

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Ida Melkizedek anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki. Alianzia Magole mwaka 1991, kisha akahamia hapa shuleni kwetu Kilosa, akifundisha fizikia na kuwashauri wanafunzi wa kidato cha nne. Tunaobaki ofisini tunajifanya tumejiandaa kwa siku hiyo. Hatujajiandaa hata kidogo.

Mwalimu Ida ni mtoto wa vilimani, aliyelelewa na shule za misheni. Kwa miaka mingi aliamini kwamba mtoto mwenye akili ana njia moja tu: kidato cha tano, cha sita, chuo kikuu. Vyuo vya ufundi aliviona vya waliokwama. Wanafunzi wakampachika jina la Mama Tahasusi, kwa kupenda kwake michepuo ya kidato cha tano, naye alijua, na wala hakuchukia.

Mwaka 2014 alikuwa na mwanafunzi kutoka Chanzuru, Debora Lucas, binti ambaye kila redio na pasi iliyokufa bwenini ilipitia mikononi mwake. Kwenye selform, ile fomu ya kuchagua kidato cha tano au chuo, Debora aliweka kwanza fani ya umeme katika chuo cha ufundi Mikumi. Mwalimu Ida akaona kichwa kizuri kinapotea. Akafuta, akaandika kidato cha tano, fizikia, kemia na baiolojia. Hakumwambia mtu. Debora akapangiwa shule ya mbali, akakaa muhula mmoja, akarudi nyumbani na kusema shule basi.

Hakuna aliyemshuku mwalimu. Angeweza kunyamaza. Badala yake alipanda bodaboda hadi Chanzuru, akamwamkia mzee Lucas shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajakaa akasema: “Mzee, fomu ya Debora niliifuta mimi. Nimemkosea binti yako.” Wengi wetu tungeisingizia wizara. Mzee akauliza: “Sasa mwalimu, tunafanyaje?” Mwezi wa kwanza wakaenda Mikumi wote watatu, Debora akaanza chuo.

Tangu hapo shule yetu ina utaratibu ambao wageni huushangaa. Mwanafunzi hujaza fomu ya majaribio chumba kimoja, mzazi chumba kingine, kisha mwalimu anazilaza mezani pamoja na mazungumzo yanaanza. Mwaka mmoja Mama Paulina aliandika udaktari, mwanawe Nickson akaandika upishi wa hoteli. Mama akawaka. Mwalimu Ida hakubishana naye. Alimwagiza Nickson apike pilau ya walimu Ijumaa, akamwalika na mama. Mama alikula sahani mbili, akaomba ya kubeba, akasaini fomu ya Nickson. Mimi nilikuwepo, nilikosa ukoko.

Wengine waliochagua kidato cha tano hakuwazuia. Aliwafundisha fizikia hadi jioni. Alichotaka ni kwamba uchaguzi uwe wao.

Na Debora? Alimaliza umeme, akafanya kazi miaka miwili, akasoma stashahada, na sasa yuko mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi chuo kikuu. Amefika kwa njia yake, ingawa amechelewa, na Mwalimu Ida hajawahi kujifanya hajui sababu ya sehemu ya ucheleweshaji huo.

Nilipompa rasimu ya wasifu huu aikague, alikata sifa tatu nilizojivunia sana. Habari ya fomu aliiacha yote. Kamati ya hafla ya kumuaga ilimuuliza ni mwanafunzi gani wa zamani azungumze siku hiyo. Tunao madaktari wawili na mhasibu mmoja anayependa sana maikrofoni. Alimtaka Debora, akamwomba asianze na shukrani, aanze na fomu iliyofutwa. Debora amekubali kuzungumza, lakini amemjibu hivi: “Hapana, mwalimu. Nitaanza na siku uliyokuja nyumbani.”

Mwalimu Ida, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akujalie afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wenye masikio. Tunakupenda, na tutakukumbuka sana.