Ukurasa wa 61 wa Papa Constantin Kapya

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, saa tisa na nusu mchana, Papa Constantin Kapya atavua koti lake la bluu lenye wino, atalitundika kwenye msumari wake, na hatalivaa tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini, miezi tisa na siku ishirini na sita katika atelier yetu ya uchapaji hapa Likasi. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Nilipomwambia tuandike thelathini na moja, ipendeze, alinitazama juu ya miwani kama niliyemtuma akaibe.

Anayeandika programu hii ya kumuaga ni mimi, Joëlle wa kushona vitabu. Nimefanya kazi mgongo kwa mgongo na mzee huyu miaka kumi na tisa, najua hata anavyokohoa akiwa amekasirika. Kwa hiyo msitegemee sifa tupu.

Aliingia kazini tarehe 4 Septemba 1967, kijana mwembamba kutoka Kakanda. Aliyempokea ni Lambert Tshimanga, msahihishaji wetu, mtu wa kalamu nyekundu. Lambert alimsimamisha mbele ya kasha la herufi za madini ya risasi, akamfundisha kuzisoma zikiwa miguu juu na kuzipanga moja moja kwa vidole. Kila ukurasa uliotoka mikononi mwa Constantin ulipita kwanza kwa Lambert. Akiridhika, aliandika pembeni maneno matatu ya Kifaransa ambayo kila mchapaji anayajua: bon à tirer, yaani sasa chapa. Bila maneno hayo mashine haikuzunguka. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka ishirini na mitano, wakigombana juu ya koma asubuhi na kula bukari, ugali wetu, sahani moja mchana.

Shida yetu kubwa hapa kazini haikuwa wino wala karatasi. Ilikuwa k. Herufi zetu zilitoka Ubelgiji, na waliozituma walidhani tutaandika Kifaransa mpaka kiama. Kifaransa kinakula e, hakina haja na k. Kiswahili nacho, jaribuni wenyewe kusema sentensi mbili bila k! Nusu ukurasa tu na kisanduku kinabaki kitupu. Siku moja pasteur mmoja, mchungaji wa mtaa wa Kikula, alileta bango la KARIBUNI KIKULA KUSIKILIZA NENO LA KUOKOKA. Papa Constantin alihesabu kwa kidole, akashusha pumzi. "Pasteur, weye iko na ma-K mingi kupita sanduku yangu." Pasteur akamjibu aombe tu, Mungu ataongeza. Mungu hakuongeza. Papa Constantin alichonga K nne kwa mti wa muparachichi, na ukilitazama vizuri bango lile utaona zimeinama kidogo, kama watu waliotoka kunywa lutuku.

Kisha ikaja miaka hii ya taabu. Migodi ililala, usine, yaani viwanda, zikazima, hakuna aliyeagiza tena fomu wala kadi. Tulibaki na matangazo ya vilio vya misiba na mabango ya maombi. Mama Hélène, mke wake, akaanza kuuza unga kwa kopo sokoni Kikula ili nyumba isife njaa. Lakini Papa Constantin alifika kazini kila siku saa moja na nusu, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama mbele ya kasha lake bila kazi ya kufanya. Mwaka 1996 alichoka kusimama. Akaanza kupanga maisha yake mwenyewe.

Hakuandika kwanza kwenye daftari. Karatasi iko ghali, alisema, kichwa ni bure. Aliyatoa maisha kichwani na kuyaweka moja kwa moja kwenye risasi. Nusu ukurasa, achape, arudishe kila herufi kisandukuni, aanze nusu nyingine. Abbé Joachim, padri mkurugenzi wetu, alimshauri kwa wema kabisa aandike Kifaransa, herufi zipo tele, amalize upesi. "Minye sikuishi mu Français, mon abbé," alijibu. "Nitaandika mu Français juu ya nini?" Hapo mjadala ukafungwa.

Karatasi tuliipata humu humu ndani: fomu za usine zilizochapwa mwaka 1990 na hakuna aliyekuja kuzichukua. Upande mmoja utasoma maisha ya Papa Constantin, ukigeuza utakuta fomu ya kuomba congé, yaani likizo. Kitabu kinaitwa Mikono ya Risasi. Jina hilo lilitupa mkosi mdogo mwaka jana, wakati wanajeshi walipokuwa wengi njiani: mmoja alifungua kifurushi cha majalada, akasoma, akataka aonyeshwe risasi zenyewe ziko wapi. Papa Constantin alimwonyesha vidole vyake vyeusi. Mwanajeshi alicheka, sisi tukapumua.

Kinachosomeka humo ni raha tupu. Kuna baba yake na taa yake ya mgodini Kakanda. Kuna alivyochapa kadi za harusi zenye jina la Hélène, tarehe na saa ya misa, kabla hajamwuliza Hélène mwenyewe wala kupeleka hata kuku kwa wazazi. Baba mkwe alizisoma, akamtoza mbuzi wa adabu, kisha akaja siku ileile iliyochapwa. Ukurasa mmoja wa majaribio ulipotea ukafungiwa karanga sokoni. Mnunuzi alirudi kesho yake kumwuliza Mama Hélène kilichofuata.

Mambo yalikwama ukurasa wa 61. Simvunjii siri, kauandika mwenyewe. Ni habari ya mwanzo wa mwaka 1993, wakati watu wenye asili ya Kasaï walipokuwa wanafukuzwa mjini na kulala pale gare kwa maelfu wakingoja treni. Lambert ni Mkasaï. Alizaliwa Likasi, alibatizwa Likasi, na Kiluba chake cha kwao kilikuwa kibovu hata sisi tulimcheka. Saa kumi na moja jioni alikwenda na mkewe nyumbani kwa Constantin kuomba mahali pa kukaa mpaka treni ije. Vijana walikuwa wamepita barabarani wakisema atakayewaficha atachomewa nyumba. Papa Constantin aliandika hivi: "Nilisikia Lambert anabisha mara tatu. Minye nilikuwa nyuma ya mulango, mukono ku kitasa. Sikufungua."

Baada ya siku chache treni iliondoka na Lambert. Kalamu yake nyekundu ilibaki kwenye droo.

Ukurasa huo, jamani, Papa Constantin alikataa kuuchapa. Aliupanga wote, ni mfupi, robo tu ya karatasi, akaufunga kamba, akauweka rafuni, akasema utatoka na bon à tirer ya Lambert ao hautatoka kabisa. Tulimsihi. Abbé alimwambia autoe, nani atajua? Mama Hélène alimwambia, "Chapa tu, Baba, Mungu ameshaisoma." Hakusikia la mtu. Na k zote za ukurasa ule zikawa zimefungiwa mle, hivyo zilizofuata akazichapa robo kwa robo, akilaani kisanduku. Kurasa nyingine themanini na tatu ziliisha. Vitabu mia na ishirini vikakaa mezani kwangu bila kushonwa, kila kimoja na pengo lake.

Novemba mwaka jana alichapa nakala moja ya majaribio ya ukurasa huo, akampa Mama Providence, anayepeleka samaki wakavu wa ziwa Tshangalele hadi Mwene-Ditu, huko Kasaï, kwa treni. Tulikuwa tumesikia kwamba Lambert anaishi huko. Desemba ikapita kimya, Januari, Pasaka. Mwezi wa tano tukapewa habari kwamba ordinateur, yaani kompyuta, imepatikana, na herufi zote zitayeyushwa na watengeneza betri tarehe 30 Juni. Ukurasa ule ukifika tarehe hiyo bila jibu, basi, utakufa na wenzake. Papa Constantin alikonda tu. Mimi, kwa kweli, nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Tarehe 9 Juni Mama Providence aliingia na bahasha inayonuka samaki. Papa Constantin aliishika, akaigeuza, akanipa mimi. Mikono iliyopanga herufi miaka thelathini ilishindwa kufungua bahasha! Nikaifungua. Ulikuwa ukurasa wake uleule, na wino mwekundu juu yake.

Koma mbili zilikosekana, zimewekwa. Kulikuwa na n iliyopinduka ikawa u, imezungushiwa duara, na pembeni: "Constantin, macho!" Kisha, kwenye "mara tatu", neno la pili limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake imeandikwa: "Mbili. Ya tatu bajirani bangesikia, bangekuchomea nyumba." Chini kabisa: Bon à tirer. L.T.

Nilimsomea. Alikaa juu ya mzigo wa karatasi na kulia kwa sauti, mzee mzima, na hakuna aliyetoka nje kwa aibu. Miaka mitano alikuwa anasikia mabisho matatu. Kisha akainuka, akafungua kamba, akachomoa "tatu", akaweka "mbili", akanyoosha ile n, na kuchapa. Mimi nilishona siku nne mfululizo. Leo kila mmoja wenu amekalia kiti chenye nakala yake.

Papa Constantin, asante. Asante kwa vijana saba uliowafundisha, kwa K za muparachichi, kwa kutukatalia tulipokuomba ufanye haraka. Wewe na Mama Hélène, Mungu awape miaka mingi yenye afya, bukari ya moto na usingizi wa kutosha. Tunajua Alhamisi ijayo utapanda treni ya Mwene-Ditu na nakala namba moja chini ya kwapa. Safari njema.

Lakini nina ombi. Jioni ile ya mwaka 1993 nilikuwa ninaishi nyumba ya pili kutoka kwako. Kabla hajafika kwako, Lambert alibisha kwangu. Nami nilikuwa nyuma ya mlango. Sijawahi kumwambia mtu, na mimi sina kitabu, nina programu hii tu. Mpelekee pamoja na kalamu yake, Papa. Aisahihishe.