Penati Niliyoikosa Makusudi

Sogeeni wanangu, bhana bhane, mnisikilize kabla pumzi haijanitupa mkono. Herman, zima hiyo redio. Dorah, machozi yaweke kwanza, wageni wa msiba watakuja na watataka kuyaona.

Nyumba hii ya hapa mtaa wa Kambarage ni ya mama yenu, na atakayemtoa humu nitamtokea. Ng'ombe gawaneni sawasawa, isipokuwa yule dume mwenye pembe moja. Huyo ni wa Nkwabi, fundi viatu wa Nyasubi, na msiniulize sababu kabla sijamaliza.

Mnajua kwamba nilikuwa winga wa kushoto wa chuo chetu cha maendeleo ya wananchi, nilikokwenda kusomea useremala nikarudi na stuli moja na goti bovu. Mmekua mkisikia kuwa fainali yetu na timu ya Bugarama ilipotea kwa sababu ya Nkwabi. Mganga wetu alikataza tusiingie uwanjani kwa kupita getini, akisema wenzetu wamelitega, basi sote tukaruka ukuta. Ila Nkwabi, golikipa wetu, kwa mwili ule, ukuta ulimshinda, akapita getini taratibu kama bwana harusi. Dakika ya mwisho tukapata penati, nikapiga mimi, mpira ukapaa ukatumbukia lamboni ng'ombe wakinywa maji. Wa kwanza kupiga kelele kwamba Nkwabi kapita getini nilikuwa mimi.

Wakamfukuza kwenye timu, wakamwita Geti. Miaka arobaini sasa, hata wajukuu zake sokoni wanaitwa wajukuu wa Geti, na tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Geti lile halikuwa na kitu, wanangu. Golikipa wa Bugarama alikuwa mjomba wenu Fredy, na asubuhi ile aliniambia, "Maduhu, ukinifunga leo, dada yangu umsahau." Nikaupaisha makusudi. Paskazia, mke wangu, usinitazame hivyo. Wenzako walitolewa ng'ombe tu, wewe ulitolewa ng'ombe na kombe. Lakini mke nilimpata mimi, aibu akaibeba Nkwabi, na jambo hilo limeninyima raha maisha yangu yote.

Herman, siku ya mazishi simama uyaseme haya mbele ya watu, na ukimung'unya maneno sitakuwa radhi nawe. Ila sitaki maiti ndiyo iniombee msamaha. Mpigie Nkwabi sasa hivi. Weka sauti kubwa, nishikie simu, mkono hauna nguvu.

Nkwabi... ni Maduhu. Shikamoo. Ndiyo, nimekuamkia, na mimi ndiye mkubwa... Ile penati niliikosa makusudi. Wewe hukuwa na kosa... Nisamehe, ndugu yangu.

Mbona kimya? Imekatika? Haijakatika... Basi nyamazeni.

Mungu awatunze, wanangu... mpendane, mzae, mle mshibe... mama yenu msimwache... Ngoja. Mmesikia? Amesema... marahaba.